Teremka tukaze: kilomita 21 za Moshi (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu, watoto wamelala, chai ipo mezani. Leo naimalizia hii habari ya Moshi mliyonidai wiki nzima. Sehemu ya tatu iliishia kwenye viatu na kujiandikisha, leo ni mbio zenyewe. Na niseme mapema kabisa, leo kuna mambo ya chini ya kitovu. Akina baba mnaosoma kwenye simu za wake zenu, karibuni, msikimbie.

Kwa waliojiunga juzi: mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Dar, nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili na nusu. Sishindani na mtu. Nakimbia kama wengine mnavyokwenda saluni, yaani nipate saa moja ambayo hakuna anayeniita mama. Mbio za Kilimanjaro zipo tangu 2003, zinafanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, masika hayajaanza. Kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha. Nilichukua 21.

Sasa sikilizeni, huku Dar tunadanganyana. Mtu anapanda Daraja la Tanzanite anasema amepanda kilima, jamani! Moshi iko kwenye miguu ya mlima wenyewe. Njia ya kilomita 21 ukielezwa ni rahisi: unatoka Uwanja wa Ushirika, unazunguka mjini, unashika barabara ya kwenda Mweka, unapanda, unageuza, unashuka, unarudi uwanjani. Hakuna mahali pamoja pa kutisha. Ni kupanda taratibu kusikoisha. Unafika kwenye kona unajiambia hapa ndiyo mwisho, ukikata kona unakuta barabara imeinuka tena, na migomba pembeni inakuangalia tu.

Kwa hiyo miezi mitatu nilitafuta vilima. Jumamosi nilikwenda kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani, napanda na kushuka mpaka walinzi wakanizoea. Mara mbili nilikwenda Pugu. Siku za zamu, ngazi za jengo letu, maana lifti yenyewe mnaijua tabia yake. Kilimani usiangalie saa, sikiliza pumzi. Ukiweza kusema sentensi fupi kama "leo nimeacha maharage jikoni" bila kukatika, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa, punguza. Ukishindwa tena, tembea. Moyo unafanya kazi ya kuinua mwili wako mzima kwenda juu, na hauna habari kwamba kuna watu wanakutazama.

Mliouliza kuhusu maziwa, nawajibu hapa hapa niendelee. Mazoezi ya kawaida hayaharibu maziwa na hayamfanyi mtoto akatae ziwa. Nyonyesha au kamua kabla ya kutoka ili kifua kisiume, na tafuta sidiria inayobana vizuri. Na mliouliza baada ya kujifungua mtu aanze lini: mwongozo uliotolewa na wataalamu wa fiziotherapia Uingereza mwaka 2019 unasema angalau miezi mitatu, na hata hiyo mitatu ni kama huvuji mkojo na husikii uzito ukeni. Kabla ya hapo ni kutembea. Kutembea ni mazoezi, msidharau.

Haya, Moshi. Basi kutoka Mbezi asubuhi, jioni nimefika kwa mama mkwe, juu kidogo ya mji, kwenye kihamba chao. Baba watoto alibaki na watoto Dar (wameishi kwa chipsi mayai siku nne, tusiongelee). Mama akanipokea vizuri, nikala, nikaoga. Nilipomwambia nitaondoka alfajiri kwenda kukimbia akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, umezaa mara tatu. Unakwenda kukimbia barabarani kutafuta nini? Kizazi kitashuka."

Mama mkwe hayuko peke yake katika hilo. Wakubwa wa michezo duniani waliliamini kwa miaka mingi sana. Mwaka 1928 kwenye Olimpiki ya Amsterdam wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza, ikasemwa wamechoka mno, mbio hizo zikafutwa kwa wanawake mpaka 1960. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alijiandikisha marathoni ya Boston kwa herufi za kwanza za majina yake, na mkubwa mmoja wa mbio akamkimbilia barabarani kumvuta atoke. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, Los Angeles. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini mama mkwe tayari alikuwa ana mtoto mgongoni. Na hapa jirani, Peres Jepchirchir wa Kenya alikuwa ameshazaa alipochukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Dada yetu Magdalena Shauri mwaka 2023 alishika nafasi ya tatu Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41.

Nikamweleza mama kwa ufupi, kwamba mfuko wa uzazi umeshikiliwa na kano na misuli, na kukimbia peke yake hakumshushi mtu kizazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," akaenda kufunga mlango wa banda.

Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi wote. Watu wa joging kutoka kila mkoa, wamevaa sare, wanaimba, wengine wamepiga jaramba mpaka nikaogopa watachoka kabla ya kuanza. Kilomita za mjini zilipita haraka, sina la kusema. Tulipoanza kupanda, kelele zikapungua, ukawa unasikia viatu na pumzi tu. Vijana walionipita kwa kishindo pale chini nikaanza kuwaokota mmoja mmoja, wameshika viuno.

Na watoto wa njiani! Wanakunyooshea mikono uwagonge, wanakuita dada, wanakuita mama, mmoja akaniita bibi, huyo nilimwangalia vibaya. Lakini kilichonikaa kichwani ni wanawake waliokuwa wanapanda barabara ile ile wakiwa na majani ya ng'ombe kichwani. Ng'ombe hajui Jumapili. Mzigo mkubwa kuliko mtu mwenyewe, ndala miguuni, wanapanda kwa mwendo ule ule mmoja. Kwa kilomita nzima nilikuwa sambamba na mmoja wao, mimi nakimbia, yeye anatembea, na hakuna aliyempita mwenzake. Kwenye meza ya maji mimi nikasimama, yeye akaendelea.

Hapo kwenye maji niseme moja. Kunywa ukisikia kiu. Msinywe kila meza kwa sababu ni ya bure. Maji mengi mno kwa mtu anayekwenda taratibu kama mimi yanashusha chumvi ya damu, na hiyo inaua. Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston mwaka 2002, wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango. Ukiona umetoka mbioni umeongezeka uzito, kichwa kinauma na unatapika, usiongezewe chupa nyingine. Hospitali.

Nilipogeuza, saa yangu ilikuwa inasoma saa moja na dakika 31. Watu wote wakafurahi, mteremko huo! Mtu aliyekuwa anatambaa akafungua miguu kama amefukuzwa na nyuki.

Sasa mteremko ndio mahali pa kuwa makini. Ukipanda, kazi ni ya moyo na mapafu, na wenyewe wanakupigia kelele, kwa hiyo utapunguza utake usitake. Ukishuka, moyo umetulia, unajiona bingwa, kumbe kazi imehamia kwenye misuli. Misuli ya mbele ya paja inakaza huku inavutwa, inakuwa breki. Kila hatua inachanika kidogo kidogo bila wewe kujua, na maumivu yenyewe yanakuja kesho yake na keshokutwa. Muulizeni yeyote aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame akashukia Mweka, atawaambia goti lake linaikumbuka sehemu gani.

Na kuna breki nyingine ambayo haitajwi. Chini ya nyonga tumetandikiwa misuli, imeanzia mfupa wa mbele mpaka wa mkia, imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Kwenye somo kliniki huwa nawaambia wajawazito wafikirie kile kitanda cha zamani cha kamba, teremka tukaze. Wale wa mjini mnaocheka, kaulizeni bibi zenu. Kinalaliwa, kamba zinalegea, mnabonyea katikati, basi mwenye kitanda anakwambia teremka, tukaze kamba, upande tena. Hakuna aliyekitupa kitanda kwa sababu kamba zimelegea. Mimba miezi tisa imelala juu ya kamba hizo, halafu mtoto akapita katikati yake. Wangu wa tatu alikuwa na kilo nne na gramu mia moja, nikashonwa. Ukikimbia mteremko, kila kisigino kikigonga lami, uzito wote unashukia hapo.

Basi kilomita kama tatu baada ya kugeuza, mkojo ukaanza kutoka. Sio mwingi. Matone, kila nikirefusha hatua. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa pedi na taitsi nyeusi, kwa sababu naijua hali yangu. Nilianza kuvuja nikikohoa mtoto akiwa na miezi minne, nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akanipima, akanipa mazoezi. Sasa hivi nikikohoa sivuji, nikikimbia tambarare sivuji, imebaki miteremko mirefu, na aliniruhusu nikimbie nikiiangalia. Nikafupisha hatua, nikainamisha mwili mbele kidogo badala ya kuegemea nyuma, na palipokuwa pakali nikatembea. Dada mmoja aliyejifunga kanga kiunoni juu ya suruali alikuwa anafanya vile vile. Tukatazamana. "Wa ngapi?" akaniuliza. "Watatu." "Mimi tangu wa pili," akasema, tukaendelea kushuka kama bata wawili, hatua fupi fupi mpaka mjini.

Saa 2 na dakika 43. Medali ipo ukutani, watoto wanagombania.

Jioni mama mkwe alinichemshia maji ya miguu. Nilikuwa nimefua ile taitsi, naianika nyuma ya nyumba, akaja akaiangalia. Akasema, jasho gani hilo la kufua usiku? Nikamjibu wazi, kwa sababu ndivyo ninavyowajibu nyinyi. Nikasema, "Sio jasho tu mama. Nikiteremka mkojo unanitoka kidogo."

Akakaa kimya, akavuta kigoda.

"Kumbe na nyinyi manesi."

Halafu akaniambia. Tangu mtoto wa tano, na mtoto wa tano ni shemeji yangu mwenye miaka 34. Mkojo ulianza, akauzoea. Baadaye kitu kikaanza kushuka, kama yai, jioni akiwa amesimama sana. Usiku akilala kinarudi, siku nyingine anakirudisha kwa mkono. Hakumwambia mume wake mpaka amemzika. Kanisani anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, sote tulifikiri anapenda upepo. Harusi yetu alisema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla ya keki. Na miaka yote hiyo alikuwa anashuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani, mara tatu kwa wiki.

Kwa hiyo usiku ule aliposema kizazi kitashuka hakuwa anarudia maneno ya wazee. Alikuwa ananieleza mwili wake, na mimi ndiye mtu wa kwanza wa hospitali kuingia nyumbani kwake na kulala chumba cha pili.

Nilimpigia mwenzangu wa zamu tukabadilishana siku, Jumanne nikampeleka. Daktari wa magonjwa ya wanawake alimpima, akamweleza uchaguzi wake: kuna upasuaji, na kuna pete ya mpira inayowekwa ukeni kushikilia mfuko usishuke. Mama akachagua pete, akasema kisu bado. Wiki mbili baadaye akapiga simu analalamika pete inamkera, akarudi, wakambadilishia saizi. Hii ya pili ameinyamazia. Nimemuuliza kama naweza kuwaandikia, akasema andika, ila jina langu usitaje na usiweke picha ya nyumba.

Msidhani ni yeye peke yake. Kuna utafiti ulifanyika huko huko mkoa wa Kilimanjaro, ukachapishwa 2018. Waliwapima wanawake zaidi ya elfu moja wa vijijini, na zaidi ya nusu walikuwa na kiwango fulani cha kushuka kwa viungo vya nyonga. Wengi sio kiwango kikubwa, lakini kipo. Kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito vilihusika. Kukohoa kwa muda mrefu kunachangia pia, na kukamua choo kila siku. Kuhusu kuvuja mkojo, baada ya kujifungua ni karibu mwanamke mmoja kati ya watatu. Hesabu mlio kwenye kikundi cha kikoba chako, halafu niambie mmewahi kuliongelea lini.

Kukaza kamba ni hivi. Toa mkojo kwanza. Kaa au lala. Kaza kama unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, uvute kwenda ndani na juu. Makalio yasikaze, mapaja yasikaze, na usibane pumzi, wengi mnakosea hapo. Hesabu mpaka tano, ukizoea mpaka kumi. Halafu achia kabisa, kuachia ni nusu ya zoezi. Mara nane, asubuhi, mchana, usiku, kwa miezi mitatu bila kukosa. Haya mazoezi tunayaita ya Kegel, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948, kwa hiyo sio mambo ya mtandaoni. Mimi nafanya kwenye mwendokasi nikiwa nimesimama, na hakuna anayejua. Ukitaka kunyanyua ndoo au mtoto, kaza kwanza ndipo unyanyue. Usiyafanye kwa kukata mkojo katikati kila unapokwenda chooni, unakizoesha kibofu vibaya.

Ila kuna ambao mazoezi hayawahusu, nendeni hospitali. Kama mkojo unatoka muda wote, usiku na mchana, bila hata kukohoa, na hasa kama ulianza baada ya uchungu uliokaa siku nyingi, hiyo inaweza kuwa fistula. Inatibika kwa upasuaji, na CCBRT hapa Dar wamekuwa wakiitibu miaka mingi. Kama kuna kitu kinashuka au kinachungulia, nenda. Mkojo unachoma na una homa, nenda leo. Damu baada ya kukoma hedhi, usisubiri mwisho wa mwezi. Na ukifika kwa nesi akakujibu "ni kawaida, umezaa", mwambie unajua ni kawaida, unataka kupimwa.

Mimi mwenyewe mwezi ujao narudi kwa yule wa fiziotherapia na habari za mteremko wangu. Nataka Mweka tena mwakani, safari hii kwa saa mbili na nusu. Mama mkwe anasema atakuja kusimama barabarani kuona huo ujinga kwa macho yake.

Maswali wekeni hapa chini. Ya siri leteni inboksi, ila nina zamu ya usiku kesho na keshokutwa, majibu ni Alhamisi. Sehemu ya 5 ni chakula cha kabla na baada ya mbio, na ndiyo, nitaweka ule mtori wa mama mkwe na vipimo vyake, acheni kunisumbua.